Uji Alioonja Bibi Hidaya

Hapa shuleni uji hupikwa kabla jua halijatoka, na harufu yake huingia bwenini kupitia madirisha yasiyo na vioo. Uji wa mahindi matupu haunisumbui. Lakini muhula huu wapishi waliletewa unga mwekundu wa mtama, na asubuhi ya kwanza nilijikuta nimekaa kitandani, nimeshika tumbo kwa mikono miwili, na wala siumwi. Koku, anayelala kitanda cha juu, akaniinamia. "We Zubeda, huo ni uji tu, si mwalimu wa hesabu." Nikacheka kidogo, sikumweleza. Mimi watu wakinitazama ulimi unakuwa mzito kama umefungwa jiwe. Kuandika naweza, kwa hiyo naandika.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa mtoto wa tumbo kubwa na miguu ya njiti. Majirani zetu wa Bukoba walisema ni minyoo, wengine wakasema nimepatwa na jicho la mtu. Nilinyweshwa kila dawa chungu iliyoota wilayani. Mwishowe daktari mmoja mzee wa hospitali ya misheni akamwambia mama aninyime kabisa ngano na shayiri, tuone. Mama akaninyima. Taratibu nikaota mashavu, nikaanza kukimbia na wenzangu. Sasa, mama hakujua namna ya kumweleza mtoto mambo ya utumbo, akanieleza kwa njia yake: "Ngano kwako ni sumu. Wenzako watakula na watacheza, wewe itakuua." Nikaamini neno kwa neno. Nikipita mbele ya duka la mikate nilikuwa naziba pua, nikidhani hata harufu inaweza kuniingia.

Baba yangu alizaliwa Kigali, kule Nyamirambo, kwa Waislamu wa mjini ambao babu zao walifuata biashara kutoka pwani. Alipooa alihamia Bukoba. Basi ikaja habari kwamba kaka yake mkubwa anaumwa sana huko Butare. Vita vilikuwa vimeshaanza upande wa kaskazini wa nchi ile, na wanaume waliotoka nje walihojiwa njiani zaidi kuliko wanawake. Wazee wakaamua mama ndiye aende kwa niaba ya baba, na mimi niende naye, kwa sababu hakuna mtu mwingine ambaye mama alimwamini na chakula changu.

Mama alifunga kikapu: unga wa muhogo, karanga za kukaanga, ndizi zilizokaushwa. "Sijui huko wanachanganya nini na nini," alimwambia baba. "Na wewe Zube, usile kitu ambacho sijakiona mimi. Hata ukipewa na malaika."

Pale darajani Rusumo, maji yakinguruma chini yetu, askari aliupata ule unga. Aliufungua mfuko akaingiza kidole, akautazama unga mweupe kwenye ncha ya kidole kama mtu aliyekamata mdudu.

"Hii ni nini?"

"Unga wa muhogo, afande. Chakula cha mtoto."

"Rwanda hakuna chakura?" Alicheka. Wenzake hawakucheka.

"Mtoto mgonjwa, afande. Ngano inamdhuru."

"Basi wewe kula. Hapa, mbele yangu."

Mama akachota unga mkavu kwa kiganja akautia mdomoni. Alikohoa, unga ukamtoka puani, macho yakamjaa machozi, lakini akameza. Askari alimkazia macho usoni muda mrefu, kama anayengoja maji yachemke. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya mama na miguu yangu ilikuwa imelowa. Nilijikojolea, nasema ukweli. Mwishowe akasema, "Iko sawa." Halafu akaufunga mfuko vizuri, akauweka nyuma yake. "Rakini hii itabaki."

Ndivyo tulivyoingia nchi ya watu bila unga wetu. Njia nzima, kila tulipokuta gogo limelazwa barabarani na askari wanasoma vitambulisho, niliiwazia ile sura ya mama yenye unga puani. Nilielewa jambo moja tu: nchi hii watu wanaogopa sumu kuliko hata sisi.

Tulifikia kwanza Kigali, kwa Shangazi Mwajuma, dada yake baba, aliyekaa Nyamirambo kwenye mteremko chini ya msikiti. Mume wake alikuwa dereva wa malori na hakuwepo. Nyumbani alikuwepo mama wa mumewe, Bibi Hidaya, mwembamba, mrefu, asiye na meno ya mbele, ambaye alitembea kwa kuburuta kandambili. Kiswahili chake kilikuwa cha pale mjini, nusu Kinyarwanda, na mimi nusu ile ilinipita.

Jioni ile alituletea chai. Kabla hajampa mama kikombe alikiinua, akanywa funda, tukamwona akimeza, ndipo akakitoa kwa mikono miwili. Nikamvuta mama kanga. Mama akaninong'oneza, "Ni heshima ya huku. Mwenye nyumba anaonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu."

Sijui kama mtaelewa furaha niliyoipata. Kumbe huku wana njia ya kujua! Kule kwetu mama alilazimika kuuliza, kunusa, kupekua unga. Hapa bibi kizee anaonja tu, na ulimi wake unamwambia. Yule askari darajani naye, nilidhani, alikuwa anatafuta ngano kwenye unga wetu kwa kutumia ulimi wa mama. Tangu dakika ile nilimwona Bibi Hidaya kama daktari.

Asubuhi yake mama na shangazi wakajiandaa kwenda Butare kumwona mgonjwa. Njia ilikuwa mbaya, ya vizuizi vingi, wakaona mimi nibaki. Nililia bila sauti, kilio changu mimi ni cha hivyo. Shangazi akamweleza mkwewe kwa Kinyarwanda, akihesabu kwa vidole, halafu akamgeukia mama: "Nimemwambia yote, wifi. Mkate hapana, mandazi hapana, chapati hapana, sambusa hapana, tambi hapana."

"Yego, yego," Bibi akaitikia. Ndiyo, ndiyo. "Mutoto wenu iko wangu."

Shangazi alitaja vyakula. Nafaka yenyewe hakuitaja, na hakuna aliyeona tofauti.

Wakaondoka. Bibi akanikalisha kwenye mkeka, akaniangalia mikono yangu myembamba, akapiga ulimi kwa huruma. "Yooo. Tutakupa nguvu." Akaenda jikoni nyuma ya nyumba. Harufu ya mtama ikaja, nzito, yenye uchachu kidogo, na moshi wa mkaa. Akarudi na bakuli la uji mwekundu. Akachota kijiko, akaonja, akameza akinitazama, akatabasamu kwa ufizi.

"Kunywa, mwana. Mimi nimeonja. Iko muzuri."

Nikanywa wote. Nilikuwa na njaa ya safari, na ulikuwa mtamu, laini kuliko uji wowote wa kwetu. Nikaomba tena. Bibi akafurahi mpaka akapiga makofi.

Jua lilipofika katikati, tumbo likaanza. Mwanzoni ni kama mtu anakunja nguo ndani yake. Halafu nikatapika kwenye mkeka, nikatapika uani, nikaharisha kabla sijafika chooni. Nilijua maumivu yale. Nilikuwa nimeyasahau, lakini yenyewe yalikuwa hayajanisahau. Nikawaza: hii ni sumu. Lakini Bibi ameonja! Kama ameonja na bado imo, basi aliijua akanipa makusudi. Nilimtazama, naye akanitazama, na kila mmoja wetu alikuwa anamwogopa mwenzake. Akakimbia kufunga mlango wa mbele, akatia na komeo.

Nilidhani amefunga ili nifie mle ndani. Nikapiga ukelele, mimi ambaye hata jina langu darasani hulitaja kwa mnong'ono. Bibi akaniziba mdomo na kiganja chake kinachonuka moshi. "Ceceka, mwana, nyamaza. Ceceka. Wataniua."

Wamuue yeye? Sikuelewa. Shangazi alinieleza baadaye kwamba zamani kidogo mpangaji wa Bibi alikufa kwa tumbo baada ya kula pale, na tangu siku ile mtaa ulikuwa ukimwita mrozi, mtu wa kuwalisha wenzake sumu. Kule jina hilo si matusi tu. Mtu anaweza kuchomewa nyumba yumo ndani, hasa katika siku kama zile, ambapo kila mtu alikuwa anatafuta adui.

Ukelele wangu ulikuwa umeshafika nje. Mlango ukagongwa. "Hidaya! Fungua! Mutoto analia nini?" Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Rukiya, mwanamke mnene mwenye kukaanga mandazi barazani kwake. Bibi alipofungua, Mama Rukiya hakuwa peke yake tena. Nyuma yake walisimama watu, na mbele ya watu alikuwa nyumbakumi, mzee mfupi mwenye kofia ya pama na fimbo.

Nyumbakumi akanichutamia. "Mutoto. Nani amekupa chakura?"

Nikaangalia miguu yake.

"Nani?"

"Bibi," nikasema.

Kukawa na mguno, kama upepo umepita kwenye mabati. Nyumbakumi akamgeukia Bibi. "Umemupa nini?"

"Uji. Mimi nimekunywa na yeye, mbere yake."

"Uji ya nini?"

Bibi akahesabu kwa vidole: "Mutama. Mahindi. Soya. Na ngano kidogo, nilisaga na ngano kidogo, apate nguvu."

Ngano. Hakujua! Maskini, ulimi wake haukumwambia kitu. Nikafungua mdomo mbele ya watu wote wale. "Ni ngano," nikasema. "Hajaniwekea sumu. Mimi ngano inaniumiza. Daktari alisema."

Kijana mmoja akacheka. "Ngano inaua mutu? Basi Wazungu wote wamekwisha kufa!"

"Na mimi mwenye kukaanga ngano kila siku," akasema Mama Rukiya akijipiga kifua, "nimekwisha zika Nyamirambo nzima na mandazi yangu!"

Wakacheka, ila kicheko chao hakikuwa na furaha. "Amemufundisha kusema," mtu akasema nyuma. "Mutoto anaogopa."

Nyumbakumi akasimama akagonga fimbo. "Sikirizeni. Mama yake akirudi, tutaongea. Mutoto akikufa kabla, tutaongea vingine. Na wewe Hidaya, usimupe kitu kutoka kwa sufuria yako. Hata maji."

Siku ile iliisha hivyo, Bibi upande mmoja wa chumba na mimi upande mwingine. Mama Rukiya aliniletea maji ya kwake. Bibi alikuwa anavuta tasbihi, na kila sauti ya mtu nje ilipopita alisimamisha kidole kwenye punje moja mpaka ipite.

Asubuhi tumbo lilikuwa limetulia lakini nilikuwa mtupu, kichwa kinaelea. Mama alikuwa bado. Bibi alichemsha viazi vyake, vizima na maganda, nikasikia harufu ile ya udongo na mvuke. Akaviacha jikoni hakuvigusa. Nilimwambia, "Bibi, nina njaa." Akatikisa kichwa, akauma kanga yake. "Oya. Hapana, mwana. Mimi si kukupa tena kitu."

Ndipo Mama Rukiya akaja na sahani iliyofunikwa. Watu wa jana walikuwa wamesimama njiani tena, wengi zaidi, maana habari ilikuwa imetembea. Nyumbakumi akaketi kwenye kiti alicholetewa. Mama Rukiya akanitoa mpaka kizingitini ili wote waone, akafunua sahani. Mandazi, yamevimba, yanang'aa mafuta.

"Kula, mwana wangu. Hii imetoka kwa mutu safi." Akachukua moja, akaling'ata, akatafuna mdomo wazi watu waone, akameza, akanipa lililobaki. "Unaona? Hakuna kitu."

Mwanamke yule alikuwa na huruma ya kweli, naomba mnielewe. Alikuja kuniokoa. Na mkononi mwake alikuwa ameshika kile ambacho kingenimaliza. Nilimtazama anavyotafuna, nikaelewa kwamba ulimi wa mtu haugundui kitu. Anayekuonjea anakuonyesha tu kuwa hana nia mbaya. Mama Rukiya hakuwa na nia mbaya. Bibi Hidaya pia hakuwa nayo.

"Kula," nyumbakumi akasema.

Kama ningekula, ningeanguka tena, na nani angesema ni mandazi? Wangesema ni sumu ya jana inamalizia kazi. Na kama nisingekula, wangesema Bibi amenitisha. Nilitamani mama atokee pale kona ya msikiti. Nilitazama. Hakutokea. Maneno nilikuwa nimeyatumia yote jana bila faida.

Basi nikageuka. Nikapita ndani mpaka jikoni. Sufuria ilikuwa bado vuguvugu. Nikachukua kiazi, na kingine, nikavipakata kwenye gauni. Kiazi kizima na ganda lake hakina pa kufichia ngano, hilo nililijua hata mimi. Bibi alinikimbilia. "Oya! Oya, mwana, wataniua!" Akanishika mkono. Nikajivuta. Nikarudi kizingitini, nikakaa chini mbele ya watu wote, nikaanza kumenya.

"Kutoka kwa sufuria yake!" mtu akapiga kelele.

Nyumbakumi akainua fimbo kana kwamba atanizuia, kisha akaishusha. Nikauma. Kiazi kilikuwa kikavu, kikagoma kushuka. Nikauma tena. Sikuwahi kutazamwa na macho mengi vile. Mama Rukiya alisimama na sahani yake mkononi, mdomo wazi bado.

Nikamaliza cha kwanza. Nikamaliza cha pili.

"Ngojeni," kijana wa jana akasema. "Ile ingine pia ilikawia."

Wakangoja. Hii ndiyo sehemu ninayoiota mpaka leo. Jua lilikuwa linanipiga utosini, na tumbo langu lililopasuka jana lilikuwa linajiuliza kama likubali. Lilizunguka. Mate yakanijaa mdomoni, yale mate yanayotangulia kutapika. Niliwaza: nikitapika, amekufa. Nikafumba mdomo nikauziba kwa mikono miwili, nikawa napumua kwa pua. Nyuma yangu nilimsikia Bibi amekaa sakafuni, hata tasbihi hakuwa akiivuta.

Kitu kikapanda kifuani. Watu wakasogea. Kikapanda zaidi, nikashindwa kukizuia, na ikatoka mbweu, kubwa kama ya mlevi.

Halafu bibi mmoja mzee pale nyuma akasema, "Ameshiba huyo!" na watu wakacheka, safari hii kicheko chenyewe. Mtu akasema lake, mwingine akasema ana kazi. Wakaanza kupungua. Nyumbakumi alikaa mpaka kivuli chake kikasogea, akanyanyuka, akasema, "Tutaona," akaenda zake. Mama Rukiya akafunika mandazi yake. Akarudi barazani kwake.

Nilipogeuka, Bibi alikuwa amejiburuta mpaka jikoni. Alikuwa amekumbatia sufuria, anakula viazi pamoja na maganda, haraka, huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. Kumbe naye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu ule uji. Nikaenda nikakaa karibu yake. Akanimenyea kimoja. Tulikula mpaka sufuria ikawa tupu.

Mama alirudi siku ile jua likiwa bado juu. Alipoambiwa, aliniangalia ulimi, akanishika tumbo, kisha akaenda kumpigia magoti Bibi Hidaya. Hakunigombeza. Baba Mkubwa alipopata nafuu tukarudi Bukoba kwa barabara ileile, na hofu ileile.

Kisha ukaja ule mwaka ambao watu walivuka lile daraja wakikimbia mauaji, wengi mno. Sina haja ya kuwasimulia, nyote mnaujua. Shangazi alifika kwetu akiwa mzima. Alikuwa amemfuata mumewe kabla ya mambo kuharibika, na kuhusu mkwewe hakujua chochote. Mama alikuwa akimwuliza kila mtu aliyetoka Nyamirambo. Siku moja akapita mwanamke mmoja anatafuta maji, ana mtoto mgongoni. Mama akamtajia Bibi Hidaya, mrefu, asiye na meno, chini ya msikiti.

Mwanamke akafikiri. "Ah. Ule ambaye mutoto mugeni alikula kwake?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Sikutoka.

"Tulijificha kwake," akasema. "Tulikuwa wengi, Waisramu na wasio Waisramu. Unga ilipokwisha alichemsha majani. Tulikula kwake sisi wote."

"Yu hai?" mama akauliza.

Mwanamke akamhamisha mtoto mgongoni, akafunga kanga upya. "Sijui, mama. Siku nilitoka, nilimuacha mulangoni, anapakulia wengine."